Kadogo

Nilimkasirikia jirani yetu kwa sababu ya herufi mbili. Binti yangu alizaliwa kabla ya siku zake, hapa Kasulu, nilikopangiwa kufundisha baiolojia. Yule mama wa Heru Juu, kila akituletea maharage, aliuliza, "Kadogo kameamka? Kananyonya?" Kwetu Tanga, ka- ni dharau.

Nikikumbuka majuma yale nayaona yote ndani ya ukungu. Ulipanda kutoka bondeni asubuhi ukaingia hadi sebuleni, na mtoto alilala, alilala tu, nami nikafurahi kwamba ni mpole. Muuguzi alisema anyonye kila baada ya saa mbili. Mimi nikabandika ratiba ukutani: kila baada ya saa nne, mke wangu apate kupumzika. Uzito haukupanda.

"Mwalimu, mukaamshe," jirani alisema. "Aka ni ka moto ka vijiti. Ukikaacha, kanazima."

"Asante, mama. Ana ratiba."

Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa na shahada.

Juma hilo nilikuwa nafundisha jinsi seli inavyopata chakula. Tulikata muhogo vipande vitatu, cha mwisho kama punje ya hindi, tukavitia kwenye maji ya ayodini, ambayo hugeuza wanga kuwa mweusi. Mchana tukavipasua. Kikubwa kilikuwa bado cheupe katikati. Kile cha punje kilikuwa cheusi tii hadi ndani.

"Ndiyo maana seli ni ndogo," nikasema. "Ukilinganisha na tumbo lake, kitu kidogo kina ngozi nyingi. Chakula kinafika upesi."

Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Na joto, mwalimu? Si litatoka upesi vilevile?"

Nilibaki na wembe mkononi. Moto wa vijiti.

Nikadandia bodaboda. Nyumbani palikuwa kimya, jua limetanda sakafuni kama maji. Nilishika nyayo za binti yangu, zilikuwa baridi. Sijawahi kuogopa vile. Jirani alikuwa ameshafika, anamfunga mtoto kwa kitenge kifuani pa mama yake. Hakunicheka. Ratiba yangu alikuwa ameiwashia jiko.

"Kamenyonya?" nikauliza.

Akakaza fundo la kitenge.

"Kamenyonya, mwalimu. Na sasa kanataka tena."