Pikapu Iliyokunywa Kuliko Harusi

Kiangazi kile nyumba yetu ya Kiruruma ilinuka dizeli. Ilinuka kwenye mashati ya Baba, kwenye pazia la sebuleni, hata kwenye ndizi na maharage, kwa sababu Baba alikuwa akiingia jikoni na kijiti mkononi kumwonyesha Mama unyevu ulipoishia. Kijiti hicho ndicho kilichokuwa geji yetu ya mafuta. Ile ya gari ilikufa kabla sijazaliwa. Alikichovya kwenye tangi gari likitoka na likirudi, na kila mara alichovya mara mbili, maana mara ya kwanza kijiti kingeweza kusema uongo. Ugonjwa huo nimeurithi. Mayai nayahesabu mbele ya muuzaji, nikifika nyumbani nayahesabu tena, kana kwamba mengine yangeweza kushuka njiani.

Pikapu ilikuwa ya kubeba ndizi kutoka Isingiro, na dereva alikuwa Mjomba Deusi, mdogo wake Mama, aliyelala kwenye chumba cha nyuma ya jiko. Alikuwa akichumbia msichana wa Bugomora. Wazee walikuwa wameshakwenda kubisha hodi, na kwa wakwe jina la mtu hufika kabla ya miguu yake. Sasa pikapu ilikuwa inakunywa kuliko wageni wa harusi, na Baba alikuwa na jibu moja tu: Deusi ananyonya mafuta anauza. Mjomba alilalamika kwamba mlimani gari halipumui. “Litapumuaje, shemeji,” Baba akamjibu, “na wewe unaliuzia uji wake?” Mama siku hizo alikula akiwa amesimama, sahani mkononi, jicho moja kwa mumewe na jingine kwa mdogo wake.

Fundi hakuitwa, maana alitaka kulipwa kwa kuangalia, na Baba alisema kuangalia hata yeye anajua. Badala yake akaniteua mimi nipande gari nimlinde Mjomba. Nilikubali kwa masharti: Jumamosi nisioshe vyombo. Safari zile sikukaa kwenye kiti, nilikaa juu ya wasiwasi. Shingo ilikuwa nyuma kwenye tangi, kisha kwenye kioo, kisha kwenye mikono ya Mjomba. Gari likisimama, nilikuwa nimeshafika chini kabla vumbi halijatua. Alijua. “Askari,” aliniita, “tunakaribia sheli. Nikipepesa macho, kumbuka kuripoti.” Kisha akaninunulia karanga. Nilimwambia Baba kwamba sikuona hata tone likiuzwa. Akaniuliza nimekula nini njiani. Nikasema karanga. “Basi,” akasema, “umenunuliwa. Tena kwa bei ya hasara.”

Ndipo Mjomba, mbele ya Mama, akasema, “Shemeji, kesho endesha mwenyewe. Mzigo uleule, barabara ileile. Mimi nabaki hapa na Dada nikimenya ndizi. Nikiwa jikoni sitakunyonya.” Walibishana masharti kama watu wanaouziana ng'ombe: nani ajaze tangi, mikungu mingapi, kijiti kishikwe na nani. Kijiti nilipewa mimi.

Wakati wa kurudi, gari likiwa na mzigo, kilima cha kwanza tu kilitosha. Baba aliweka gia ya kwanza, akakanyaga mpaka mguu ukagusa bati, na gari likapanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulipa faini. Nyuma yetu ulitoka moshi mweusi mzito. Wanawake waliokuwa wakishuka na kuni wakaziba pua, mmoja akapaza sauti: “Mzee, umebeba ndizi au umewasha tanuri la mkaa?” Baba akaegesha. Nikachovya kijiti. Akachovya yeye. Akachovya tena. Mafuta yalikuwa yamekwenda vilevile kama siku za Deusi, na Deusi alikuwa Kiruruma anamenya ndizi.

Boneti ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa Baba peke yake. Aliogopa wezi wa betri. Alipofungua kasha la chujio la hewa, ilitoka harufu ya ndizi zilizochacha. Chujio lilikuwa limevikwa kitambaa. Nilikifahamu: ndicho Bibi alichokuwa akichujia omuramba, ile juisi tamu ya ndizi. Mwanzoni mwa kiangazi Baba alikuwa amewaza kwamba vumbi likichujwa mara mbili, injini itadumu. Alikisuuza akakifunga hapo, lakini sukari haikutoka yote, na vumbi jekundu lilikuwa limenata humo mpaka kitambaa kikawa kama tope la kukandika ukuta. Gari lilikuwa linakabwa, na aliyelikaba alikuwa ameshika ufunguo.

Tulikitoa, tukalikung'utia chujio kwenye tairi, na kilima kilichofuata tukakipanda gia ya pili. Tulipofika nyumbani, Baba alimwita Mjomba. “Shemeji,” alisema uani, “gari lilikuwa limepaliwa. Nimelitibu.”

“Na mimi je?” Mjomba akauliza.

Baba akaanza kutaja: siku ya kupeleka mahari pikapu itakwenda bure, dizeli juu yake, na turubai jipya. Sijawahi kumsikia akianzia bei ya juu hivyo. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwangalia dada yake, akasema ahsante, atakodi gari. Kabla ya wiki kwisha alihamia Bugomora. Alioa vizuri; Baba alikaribishwa, akakalishwa pazuri, akala. Lakini gari letu Mjomba hakulipanda tena.

Leo nina pikapu yangu, na simu hunionyesha mafuta yaliyomo hata nikiwa kanisani. Kiangazi kilichopita yalianza kwenda ovyo. Nilibadilisha chujio, nikapima upepo wa matairi, nikashika ringi kuona kama zimepata moto kwa breki kung'ang'ania. Vyote vilikuwa salama. Basi nikamwambia dereva wangu, kijana wa Isingiro, kwamba kesho nitaendesha mimi, yeye apumzike. Niliona ndiyo njia ya haki. Akanikabidhi ufunguo bila ubishi.

“Sawa, bosi. Lakini si ungeniuliza tu?”

Nikamrudishia ufunguo, nikamuuliza. Akanieleza, bila haraka, juu ya vilima vya Murongo vinavyomaliza mafuta, ambako tangu msimu uanze nimekuwa nikimtuma mimi mwenyewe.