Draiva ya Kichwa Kidogo

Miaka ya tisini, pale kwenye shamba la chai nilikokuwa msaidizi wa meneja wa kiwanda, upande wa Kericho unaoelekea Bomet, mtu hakupandishwa cheo ofisini. Alipandishwa uwanjani, Jumamosi, kwenye gofu. Wazungu walikuwa wametuachia klabu yenye paa la mabati mekundu, picha za wanaume wenye masharubu, na imani kwamba asiyeweza kupiga kimpira kwa fimbo hawezi kusimamia mashine. Imani hiyo tuliishika kuliko ile tuliyoletewa na wamishonari.

Mimi nilikuwa mbovu, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Hendikapu, yaani yale mapigo ambayo mchezaji dhaifu hupunguziwa ili asiaibike mbele ya wenzake, yangu ilikuwa ishirini na nane, na iliishia hapo kwa sababu kitabu cha klabu hakikuruhusu zaidi. Kila mpira niliopiga kwa nguvu ulianza safari vizuri, kisha ukakata kulia na kuingia kwenye chai. Wachumaji walinijua. Nikionekana tu nimesimama pa kuanzia shimo la tano, ambapo kulia kwake ni shamba namba tisa, akina mama walivua vikapu mgongoni wakajifunika navyo vichwa.

Mwaka huo meneja wangu alikuwa anastaafu, na kiti chake nilikitaka kwa roho yangu yote. Mkubwa, kama tulivyomwita meneja mkuu, alinikuta kwenye mlango wa kiwanda akaniambia, "Saturday tucheze, mimi na wewe. Nataka nikuone." Nilielewa anataka kuona nini. Jioni hiyo hiyo nikaenda kutafuta draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, kwa maana ya zamani ilikuwa imepinda kama mimi.

Aliyeuza fimbo ni mwalimu wa gofu wa klabu, mtu wa makamo asiyejua kubembeleza. Aliweka mbili mezani. Moja ilikuwa ya chuma, aina mpya iliyoanza kuingia nchini miaka hiyo, kichwa chake kinono kama kiazi kilichosahauliwa shambani.

"Hii ndiyo yako," akasema. "Kichwa ni kubwa, uso ni pana. Hata ukikosa katikati, mpira bado inaenda mbele. Inasamehe."

"Na hii nyingine?"

Nyingine ilikuwa ya mbao iliyong'arishwa, kichwa kidogo, nyembamba shingoni, nzuri kama fanicha.

"Hiyo ni ya mtu anajua kupiga. Wewe hujui."

Kila mwenye akili angechukua ya chuma na kwenda zake. Lakini Mkubwa alipiga kwa ya mbao, aliyorithi kwa mzungu aliyemtangulia, na hendikapu yake ilikuwa ishirini na nne kwa hisani ya waliomhesabia. Kwetu mtu haketi kwenye kiti kirefu kuliko cha baba mkwe wake, na pale klabuni hakuna mdogo aliyethubutu kuja na fimbo yenye kichwa kikubwa kuliko ya Mkubwa. Mmoja alithubutu, kijana wa idara ya mashamba. Mpira wake wa kwanza ulimpita Mkubwa hatua hamsini. Mwezi uliofuata alihamishiwa kule juu kabisa, akasimamie mikaratusi ya kuni. Tulisema ni bahati mbaya, ila tulisema kwa sauti ya chini. Mkubwa alipokuja kununua yake ya chuma, miaka miwili baada ya haya ninayosimulia, sisi sita tulinunua zetu wiki ile ile, na kila mmoja akajifanya ni wazo lake.

Basi nikachukua ya mbao. Mwalimu wa gofu alinifungia kwenye gazeti bila kunitazama usoni.

Jumamosi ilianza vizuri, kwa kipimo chetu. Mkubwa aliitazama fimbo yangu, akaipima mkononi, akasema, "Sasa hii ni fimbo ya mtu anaheshimu mchezo." Kisha akaushika mpira wangu. Kila mchezaji hutia alama yake, na mimi nilitia vitone vitatu vyekundu. "Mpira yako imeshikwa na surua!" Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka kwa muda ule ule aliocheka yeye.

Shimo la tano, mpira wenye surua ulitoka juu, ukaelea, ukakata kulia. Nikaona vikapu vikipanda vichwani kule namba tisa. Wa Mkubwa ulikwenda kushoto, ukapotelea kwenye miti, kwa hiyo tukawa sawa naye akafurahi. Tulipomaliza alinishika bega akasema mambo ya kiwanda tutayaongea. Nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba chombo kikiwa ghali huonyesha kazi yake.

Hapa lazima niuseme waraka wangu. Miezi mitatu kabla, nikitaka kuonekana mkali, nilikuwa nimeandika kwamba kitu chochote kigeni kikipatikana kwenye majani, mchumaji aliyehusika aende nyumbani wiki mbili bila kazi. Niliubandika kwenye kila banda la kupimia majani. Kiwandani tulikuwa na sumaku iliyonasa misumari na vifuniko vya soda kabla havijafika kwenye mashine ya kukata. Mpira wa gofu hauna habari na sumaku.

Jumapili asubuhi nilikuwa nafunga tai ya kanisa nilipoitwa. Mashine namba mbili ilikuwa imesimama, meno yake yamekatika mstari mzima. Wachumaji walikuwa na desturi ya kuokota mipira yetu na kuitia kikapuni, waje waiuze langoni mwa klabu, na huu ulisahauliwa humo ukaja na majani. Fundi wa zamu alinionyesha vipande vya mpira mweupe kwenye kiganja chake. Kimoja kilikuwa na vitone viwili na nusu. Nikakitia mfukoni nikisema nakwenda kukichunguza, kisha nikaketi nacho kanisani saa mbili nzima. Sikumbuki hata neno moja la mahubiri.

Jumatatu Mkubwa alikuja akiwa moto. Sikuhitaji kutafuta mtu wa kumpa, kwa sababu nyapara wa namba tisa alikuwa ameshaleta jina: mama mmoja kutoka upande wa Kisii, mchumaji wa miaka mingi. Fomu iliwekwa mbele yangu. Nyani haoni kundule, lakini mimi langu nilikuwa naliona vizuri kabisa, na bado nilisaini.

Wiki mbili zikaisha, yule mama akaja ofisini nisaini fomu yake ya kurudi kazini. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Alisimama mlangoni na kitambaa chake kichwani.

"Bwana meneja, mimi sina kelele," akasema. "Lakini hiyo Jumamosi sikuwa kwa chai. Sisi ni Wasabato. Jumamosi mimi niko kanisa, hata karani ameandika kwa kitabu."

Kitabu cha mahudhurio kilikuwa mezani kwangu. Kilikuwepo pia siku niliyosaini. Nikakifungua. Kwenye mstari wake, kila Jumamosi ya mwaka mzima ilikuwa wazi. Nyapara alimtaja yeye kwa sababu wachumaji wengine wote walikuwepo siku ile na wangebishana naye; yeye pekee hakuwepo. Kile kipande kilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Kukitoa ilikuwa kazi ya sekunde moja.

Sikukitoa. Nilimwandikia Mkubwa barua kwamba, baada ya uchunguzi wangu wa kina, nimegundua nyapara alisema uongo. Mama alirudishiwa siku zake zote. Nyapara alivuliwa cheo akapewa kikapu. Kuhusu nani aliupiga mpira ule, barua haikusema, na Mkubwa, ambaye wake pia ulipotea siku hiyo, hakuuliza. Alinisifu mbele ya wenzangu wote kwamba mimi ni mtu wa haki. Kipande nilikitupa ndani ya moto wa boila. Cheo nilikipata kabla ya Krismasi.

Wiki ya kwanza kwenye ofisi mpya, karani aliniambia kuna mtu nje. Ni yule mama, amevaa nguo za kanisa, na mkungu wa ndizi ambao ulikuwa umemtoa jasho kutoka kwao.

"Baba, Mungu akubariki," akasema. "Wakubwa wengine hawangefungua hicho kitabu."

"Ahsante, mama," nikasema, na nikaupokea kwa mikono miwili, jinsi nilivyofunzwa nyumbani. Watoto walikula ndizi zile siku nne. Mimi pia nilikula.