Dereva wa Tope la Majitaka

Dereva wa lori la tope la majitaka huvaa shati jeupe pe, lililopigwa pasi likapigika. Tope hilo hutolewa kwenye mabwawa ya majitaka ya mji na kuanikwa juani, lakini ole wako uliite kinyesi mbele yake. Yeye huliita "mzigo". Hulichota kiganjani, akalisugua kama mpishi anayekagua unga, akalinusa macho kayafumba, kisha akatangaza: "Limeiva hili."

Leo yuko kwa mama mmoja ambaye mahindi yake yamegeuka manjano kwa kukosa mbolea. Mama kaziba pua kwa ncha ya mtandio, moyo unasita.

"Baba, niwalishe wanangu choo cha mji mzima?"

"Mama, miezi sita juani! Choo kimekwisha, imebaki mbolea. Nusa."

Mama akarudi nyuma hatua tatu.

Hapo kuku aliyetua juu ya bodi la lori akaangusha chake, pwaa, juu ya kiatu cha dereva. Dereva akapiga yowe, akarukaruka kwa mguu mmoja.

"Maji! Sabuni! Uwii, hiki kibichi!"

Mama akashusha mtandio. "Mwaga lori zima," akasema. "Anayeogopa kinyesi hivi hawezi kuniletea kinyesi."