Mteremko wa Mlango Usiofunguliwa

Kinyozi hakujiunga na Chama cha Huduma kwa kupenda vikao. Alijiunga kwa sababu ya ngazi za zahanati. Mama yake alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na kila siku ya kliniki ilibidi ambebe mgongoni, ngazi baada ya ngazi, wagonjwa wote wakitazama. Katibu wa chama, mteja wake wa siku nyingi, alimwambia akiwa na povu kidevuni, "Njoo kwetu, kaka. Tutajenga mteremko."

Laiti angejua! Kwanza alihudhuria kama mgeni, achunguzwe tabia, utadhani anaposa. Kisha kiapo, kisha beji, kisha kujifunza makofi ya chama, maana kulikuwa na makofi ya mgeni, makofi ya mwenyekiti na makofi ya jambo lililoahirishwa. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyopigwa zaidi. Aliyekosa kikao aliomba radhi amesimama. Mteremko ukapelekwa kwenye kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na kinyozi akapangiwa kupokea wageni mlangoni.

"Una tabasamu zuri," aliambiwa. Kumbe alikuwa ameuma meno.

"Hao watu wako wanajenga mteremko au wanajenga maneno?" mama yake aliuliza.

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo."

Hatimaye walijenga. Kikao cha kuchagua mahali kinyozi alikikosa, kwani siku hiyo alikuwa zahanati, mama mgongoni. Alipokwenda kuona kazi alishika kichwa. Mteremko ulikuwa laini, una vyuma vya kushikia na bango kubwa la chama, ila uliishia kwenye mlango wa upande wa barabara, ambao haufunguliwi. Kwa ndani muuguzi alikuwa ameuziba kwa kabati la dawa.

"Lakini huku ndiko bango linaonekana," katibu alijitetea. "Mlango tutaujadili awamu ya pili."

Awamu ya pili! Kinyozi alirudi nyumbani akifoka njia nzima, nusura aitupe beji jalalani. Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa na maneno.

"Siku ya uzinduzi nipeleke," alisema. "Na kile kitenge changu kipya ukipige pasi."

Siku ikafika. Mwenyekiti akahutubia, utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, na kinyozi akamsukuma mama yake hadi juu huku wakipigwa picha. Mama akabisha hodi. Watu wakacheka. Akabisha tena.

"Basi, mama, picha zimetosha," mwenyekiti alinong'ona. "Sasa tukuteremshe."

"Nimekuja kliniki, baba. Nateremkaje kabla sijaingia?" Akafunga breki za kiti.

Jua likawaka. Mgeni rasmi akaanza kutazama saa. Kinyozi alitamani ardhi impasukie, kisha hasira za vikao vyote zikampanda kwa pamoja. Akavua koti, akazunguka, akaingia ndani kwa mlango wa ngazi, akaanza kusukuma lile kabati. Halikusogea hata kidogo. Katibu akaja kuongeza nguvu. Mwenyekiti naye akaja, tai ameitupia begani, muuguzi akiwagombeza wote wasivunje chupa zake. Kabati likakubali, komeo likang'olewa, mlango ukafunguka.

Mama akaingia akijisukuma mwenyewe, akisalimia wagonjwa mmoja mmoja kama mwenye nyumba. Kinyozi alikuwa bado anafoka, jasho linamtiririka.

"Miezi yote hii, mama! Mgongo umenikwisha kwa ajili ya hawa watu!"

"Pole, mwanangu," alisema mama. "Ila wewe ulikuwa unaumwa mgongo tu. Mimi kila uliponibeba nilifumba macho, nisiwaone wanaonitazama."

Kinyozi akainama kumfungulia breki, na kumbe mama alikuwa ameshazifungua mwenyewe.