Mguu Usiouma wa Fundi Rula

Walimwita Rula kwa sababu alikuwa anashona mstari ulionyooka bila kuchora chaki. Jina lilimkaa mpaka mkewe naye akalizoea, na mwenyewe, kusema kweli, alilipenda kupita kiasi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na cherehani ya miguu aliyoikanyaga kwa miaka thelathini na moja. Mkewe alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akitia vifungo na kukunja pindo.

Kisukari alikuwa nacho mwaka wa kumi na nne. Alikichukulia kama mpangaji asiye na fujo: dawa alimeza akikumbuka, kliniki alikwenda mkewe akinuna. Nyayo zilikuwa zimekufa ganzi siku nyingi, na hilo pia aliligeuza mzaha, akisema sasa anaweza kukanyaga pini bila kupoteza dakika ya kazi. Siku moja akaikanyaga kweli. Aliyeiona ni mkewe, wakati wa kufua soksi.

Kisha mshono ukaanza kupinda.

Haukupinda sana. Mteja asingegundua. Lakini Rula aliona, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kujishuku, aliishuku cherehani. Alibadili sindano, akabadili mkanda, akaifungua yote na kuitia mafuta mpaka yakachafua shati jeupe la mteja, akaifunga upya. Mshono ukazidi kwenda mrama. Mkewe alikuwa ameona jambo jingine.

"Mbona kiatu cha kulia umekilegeza kamba?"

"Kinabana."

"Na huo mguu mbona umevimba hivyo? Una moto, nimeugusa jana."

"Uchovu tu, mama watoto. Hauumi hata kidogo. Kitu kisichouma kina ubaya gani?"

Ningekuwepo, hapo ndipo ningemshika mabega nimtikise. Lakini mtu ambaye mwili wake haumwambii kitu ana haki fulani ya kutojua, na mkewe alikuwa ameshasema mengi kwa miaka kumi na minne. Safari hii alinyamaza, na baadaye alijilaumu kwa kunyamaza huko.

Wiki ya saba Rula alikubali kushindwa na chuma, akamwita Spana, rafiki yake anayetengeneza cherehani. Spana alikaa, akachukua kipande cha kitambaa, akashona kutoka upande huu hadi ule. Mstari ulinyooka.

"Mashine haina neno, kaka."

"Umeshona polepole. Mimi siendi hivyo."

Spana akashona tena, mbio. Ukanyooka zaidi. Rula alikunja uso kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

"Basi shona wewe nikuangalie," Spana akasema, akachuchumaa chini ya meza, mahali ambapo huwa anakagua mkanda.

Rula akakanyaga. Spana alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kukagua mkanda. Alipozungumza hakuinua kichwa.

"Shemeji, hebu njoo uone."

Mke akainama naye. Kila pedali iliposhuka, mguu wa kulia wa Rula ulikunjika katikati ya unyayo, mahali ambapo mguu wa binadamu haukunjiki; mkanyago ukayumba, na mshono nao ukapinda. Juu ya meza, Rula aliendelea kushona, akiuliza mkanda una nini.

"Mimi natengeneza vyuma," Spana alisema, akijifuta magoti. "Hiki si chuma. Mpeleke hospitali leo hii."

Daktari aliweka picha ya eksirei kwenye mwanga. Mifupa mitatu ya katikati ya unyayo ilikuwa imevunjika, mmoja umesagika kabisa. Alieleza kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi, mfupa hupoteza uimara hata kama kwenye picha unaonekana mnene, na mishipa ya fahamu ikifa ganzi hakuna wa kupiga kelele unapovunjika. Mwenye maumivu angeacha kukanyaga siku ya kwanza.

"Wewe umekanyaga kwa muda gani?"

"Tangu mshono upinde," Rula alisema. "Wiki saba."

"Ukiendelea, unyayo utatoboka, kidonda kitafika mfupani, na tutaanza mazungumzo ya kuukata."

Rula aliogopa. Alijaribu kufunga kifungo cha shati lake, yeye fundi, akashindwa, mkewe akamfungia.

Mguu ulitiwa plasta ngumu kwa miezi minne, asikanyage chini. Spana aliifungia cherehani mkono wa kuzungushia. Mke alizungusha, mume akaongoza kitambaa, na walisumbuana vya kutosha.

"Taratibu, unanikimbiza."

"Wewe umenikimbiza miaka thelathini."

Dawa sasa alimeza bila kukumbushwa.

Plasta ilipotolewa, mifupa ilikuwa imeshika, ila imeshika vilevile ilivyopinda. Daktari alimwambia pedali asiiguse tena maisha yake yote, na atembee kwa kiatu cha kushonewa tu. Fundi viatu akaomba mchoro wa unyayo. Rula hakutaka mtu mwingine auchore. Alitandaza karatasi ya kukatia sakafuni, akaweka mguu juu yake, akainama na penseli. Mstari ulianza vizuri kisiginoni, ukafika katikati, ukabenuka kwenda nje.

"Hapo mkono umeteleza, Rula," mkewe alisema.

Alirudisha penseli mwanzo, akachora mara ya pili, taratibu. Ukabenuka palepale.

"Haukuteleza," alisema. "Ndivyo mguu ulivyo."

Akaomba mkasi, akakata kwa kuufuata mstari.