Kamati ya Saa Kumi na Moja

Mwaka wa sabini na nane, mtaani Jericho, Mukai aliamua kwamba mume wake amepata mwanamke. Ushahidi ulikuwepo. Munyoki, karani wa bohari na mzee wa kanisa, mtu ambaye kwa miaka ishirini jasho lilimtoka mahubiri yakirefuka tu, sasa alikuwa akirudi jioni shati limelowa, uso unang'aa, anapiga mluzi. Ukimuuliza: "Kamati ya kanisa." Kamati gani hiyo inayompunguza mtu kitambi? Tena alikuwa amenunua raba nyeupe na kuzificha chini ya kitanda, mahali ambapo Mukai hufagia kila siku. Wanaume, bwana.

Halafu Jumatatu, akitaka kufua suruali, akatoa mfukoni kikaratasi: "Ndindi. Jumanne, saa kumi na moja. Usikose."

Hakumwambia mtu. Jericho ukimnong'onezea jirani mmoja, watu wa Makadara watakuja kukupa pole kabla chai haijachemka. Jumanne alivaa gauni la kanisani, maana kama ni kuachwa, bora aachwe akiwa nadhifu, akamfuata mumewe kwa mbali. Munyoki alilipita kanisa bila kulitupia jicho, akaingia ukumbi wa mtaa. Ukumbi ule ule ambao mwezi wa pili alisimama mimbarini akauita maskani ya shetani.

Mukai akafika mlangoni, akachungulia. Ndani, watu walikuwa wameizunguka meza ya kijani yenye wavu katikati. Upande mmoja Munyoki, raba miguuni, anahema. Upande wa pili bibi wa miaka sitini na kitu, muuza sukuma wiki, leso kiunoni, mapengo mbele, ameshika kibao kama anayefukuza nzi.

"Kumi na tisa kwa nane," akatangaza Omolo, mtunza ukumbi. "Ndindi anaongoza."

"Huyo ndiye Ndindi?" Mukai akamuuliza.

"Ndiye. Anamchapa huyu mzee kila Jumanne tangu Pasaka." Omolo akamsogezea benchi. "Keti, mama. Huu mpira wa meza hautaki misuli. Unaanzisha mara tano, kisha mwenzako naye mara tano. Mpira ukidunda upande wako mara moja, urudishe. Wa kwanza kufika ishirini na moja ameshinda. Yule wa magongo hucheza. Yule mjamzito alicheza jana. Hata wazee wa kanisa tunawavumilia."

Mukai akaketi. Pumzi aliyoibana tangu jana ikatoka yote, ikafuatwa na kicheko ambacho hakukiita. Munyoki akageuka, akaliona gauni la kanisani, akaukosa mpira.

"Ishirini," akasema Omolo.

"Mama Kiilu, naweza kueleza," Munyoki akaanza. "Niliona aibu. Baada ya yale mahubiri yangu..."

"Utaeleza nyumbani, Baba Kiilu. Unamchelewesha mwenzako."

Ndindi akamtazama Mukai. "Kumbe huyu ni wako? Basi mwambie aache kufumba macho nikipiga. Mimi nimesema hadi nimechoka."

"Hasikii," akasema Mukai. "Hata nyumbani hasikii."

Munyoki akajifuta jasho, akainua kibao kwa unyenyekevu ambao kanisani hawajawahi kuuona. Na Mukai, aliyetoka nyumbani kwenda kumtoa macho mwanamke aitwaye Ndindi, akajikuta amepanda juu ya benchi, anampigia makofi.