Maneno Ishirini ya Bibi Nyamizi

Harufu ya mafuta ya mnyonyo yaliyopashwa moto ndiyo inayonirudisha Kinondoni ya utoto wangu, enzi za Mwingereza, nyumba zilipokuwa bado zimeachana kwa minazi na vishamba vya mihogo. Kila asubuhi Mama aliyapasha katika kikopo cha bati, akamkanda Bibi mkono wa kulia, kisha mguu wa kulia, akipandisha na kushusha, naye Bibi akitazama paa la makuti kama mtu aliyeitwa kwenye kesi isiyomhusu. Huyu alikuwa Bibi Nyamizi, mama yake Baba. Alikuja kwa gari la moshi kutoka Tabora kututembelea mwezi mmoja tu, kwa kuwa Baba alikuwa karani wa reli na alimpatia nafasi. Wiki ya pili, akichambua mchicha barazani, kiharusi kikampiga. Mchicha ukamwagika mapajani, na maneno yakamwishia hapo hapo.

Kwa mtu mwingine pengine msiba ungekuwa mdogo, lakini Bibi alikuwa mwanamke wa maneno. Wahenga wanasema ulimi hauna mfupa. Wa Bibi ulikuwa na meno. Katika siku zile chache za afya aliwahi kubishana na muuza maji hadi yule bwana akaondoka akicheka na kutuachia debe moja la bure. Sasa alikaa kwenye mkeka, mdomo umepinda kidogo, na watu wakaanza kuzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni mtungi. Majirani waliokuja kumjulia hali walimpigia kelele kama kiziwi, kisha wakamgeukia Mama na kuuliza, “Anakula? Analala?” Machoni mwake niliona hasira ambayo mtoto wa miaka tisa huiona upesi kuliko mtu mzima.

Dada yangu Foibe alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mkaidi, mkimya, wa kupenda mambo yakae mahali pake. Asubuhi moja tulipiga magoti kumwamkia Bibi kama kawaida. “Shikamoo, Bibi.” Bibi akajitahidi kuitikia. Midomo ikatetemeka, ikatoka “ma… ma…”, kisha ikakwama, na machozi yakamlenga. Kutoitikia shikamoo ya mjukuu kulimuuma kuliko mkono uliokufa. Mimi nilitaka kukimbia. Foibe hakuondoka. Akasogea, akamshika kidevu, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, “Basi, Bibi, ‘ma’ inatosha. Kuanzia leo ‘ma’ ndiyo marahaba.” Akaamkia tena. “Ma,” akajibu Bibi, na safari hii hakulia.

Ndivyo lugha ilivyoanza. Siku zilizofuata Foibe alimchunguza Bibi kama fundi anayekagua mbao zilizosalia, akagundua kwamba sauti alizoweza kuzitoa bila kukwama ni nne tu: ‘ma’, ‘la’, ‘no’ na ‘na’. Kwa hizo nne wakajenga. ‘Ma’ ikawa marahaba, na ndiyo, na kila kilicho chema. ‘La’ ilikuwa hapana, na kukosa. ‘No’ ni mtu. ‘Nana’ ni chochote cha kunywa. ‘Lano’ ni nyumba, ‘nama’ ni kutaka, ‘mala’ ni zamani, ‘lala’ ni kulala, kama ilivyo. Kila neno Foibe aliliandika kwa mkaa ukutani nyuma ya mlango wa chumba cha Bibi, na yalipofika ishirini akapiga mstari. “Hayazidi,” alisema. “Yakizidi atachoka, na sisi tutachanganya. Likiingia jipya, la zamani litoke.” Niliona ni ubahili. Nilitamani neno la paka, la embe, la mvua. Lakini haba na haba hujaza kibaba: maneno yale yalipoungana yalizaa mengine. Muuza maji alikuwa ‘no nana’, mtu wa kinywaji. Daktari alikuwa ‘no mano’, mtu wa maumivu, kwa sababu ndiye aliyeyaleta kwa sindano zake.

Wala msidhani Bibi alikuwa mwanafunzi tu. Alikuwa bwana wa lugha ile sawa na Foibe, na mkali zaidi. Neno asilolipenda alilikataa kwa kupiga mkeka kwa kofi la mkono wa kushoto. Foibe alipopendekeza ‘nono’ iwe mtoto, Bibi akapiga mkeka, akajigusa kifua: ‘nono’ ni yeye. Siku ya Jumapili, Baba alipokataa kununua kahawa, Bibi akamtazama, akatuambia taratibu, “No la.” Mtu wa hapana. Tulicheka hadi tukatoka nje. Baba hakuelewa. Kwake ule ulikuwa mchezo wa watoto na mgonjwa, akaruhusu uendelee kwa kuwa ulimtuliza mama yake.

Mvua za masika zilipokwisha ikaja barua ya Baba mkubwa kutoka Tabora, akitaka mama yao arudishwe. Baba hakutaka. Hospitali kubwa ilikuwa mjini, na safari ingemuua, alisema. Mama alimuunga mkono Baba mkubwa. Waligombana chini kwa chini siku tatu, kila mmoja akiapa kwamba anajua Bibi anataka nini. Siku ya nne Foibe alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema, “Baba, mbona hamumuulizi?”

Baba akacheka, cheko la kuchoka. Lakini akaja, akaketi kwenye kigoda. Foibe akamuuliza Bibi kwa lugha yao. Bibi akasema, “Nono nama lano mala.” Mimi nataka nyumba ya zamani. Nikapata tumaini, maana nyumba ya zamani ingeweza kuwa ile tuliyopanga Temeke kabla ya kuhamia Kinondoni, ambapo Bibi aliwahi kutembelea na kupapenda. Foibe naye aliliona hilo. Akauliza tena: nyumba ya nani? Bibi akajibu, “No lala.” Watu waliolala. Hapo tukaelewa sote wawili. Mume wake na watoto wake watatu walikuwa wamezikwa nyuma ya nyumba kule Tabora.

Katika nyumba ile hakuna mwingine aliyejua lugha hiyo. Nikamfinya Foibe mgongoni, nikamnong’oneza, “Sema Temeke. Sema Temeke, dada.” Nilimpenda Bibi, na nilijua akienda hatutamwona tena. Foibe alinipenda mimi, na alimpenda Bibi kuliko nilivyompenda mimi. Machozi yakamtoka kabla ya maneno. “Anataka kwenda Tabora, Baba. Anataka kulala na waliolala.”

“Umesema kweli, au umetunga?” Baba akauliza.

“Muulize mwenyewe. Maneno ni ishirini tu, Baba.”

Baba akatazama ukuta nyuma ya mlango, nadhani kwa mara ya kwanza. Kisha akavua viatu, akaketi chini kwenye mkeka, mtu mzima, karani wa reli, na binti yake akamfundisha neno baada ya neno. Aliyatamka vibaya. Alisema ‘mano’ badala ya ‘nama’, akawa anamuuliza mama yake anaumwa nyumba ipi, na Bibi akacheka kwa sauti iliyojaa chumba. Kabla jua halijazama alikuwa amemuuliza mwenyewe, na amejibiwa lile lile. Wiki mbili baadaye alimpeleka Tabora, na mfukoni alikuwa na karatasi ya maneno aliyoandika Foibe kwa wino.

Bibi aliishi masika mengine mawili. Baba mkubwa aliandika kwamba wajukuu wa kule wameshika lugha barabara, na kwamba maneno sasa ni thelathini na moja. Foibe alikasirika akasusa chakula. “Wameiharibu!” alisema, na kesho yake akaandika barua kuuliza hayo kumi na moja ni yapi. Hakuwa mwalimu wala nesi kama nilivyodhani atakuwa. Alishona nguo Temeke maisha yake yote, na sikuwahi kumsikia akijisifu kwa jambo lile. Namsifu mimi.

Nyumbani ni nyumbani, ingawa pangoni. Hilo tunalisema kila siku, ila kuuliza nyumbani kwa mtu ni wapi tumeacha. Mwaka jana niliitwa Segerea kwenye kikao cha familia, kujadili shemeji yangu mjane akakae kwa nani. Watoto wake wote wamesoma. Wawili walikuwa ng’ambo, wakisemea kwenye simu iliyowekwa mezani. Kiswahili kilimwagika, Kiingereza kikamwagika, saa tatu nzima, na mzee ameketi pale pale, masikio mazima, ulimi mzima, akinywa chai. Nikainua mkono, nikamgeukia. “Shemeji, wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?” Mzee akaweka kikombe chini, akavuta pumzi kama mtu aliyesubiri zamu yake tangu asubuhi, akaanza kusema.